Nilivyomvunjia binamu yangu heshima kwa sababu ya Su-57, "ndege isiyoonekana"

Wakuu, salaam aleikum, na poleni na kazi.

Kama kuna mkubwa wangu humu, shikamoo, ingawa kwa miaka yangu sabini na moja nadhani mmebaki wachache.

Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe na sikuyaongezea chumvi. Majina tu nimebadili, maana na watu wa hapa kwetu Nangurukuru wanasoma humu.

Wengi mnanifahamu. Mimi ndiye yule mzee wa kwenye nyuzi za ndege za kivita, niliyekuwa namvaa kila anayesema Su-57 ya Mrusi ina kasoro. Leo sikuja kubishana. Nimekuja kuwaambia ubishi ule ulinifikisha wapi.

Mimi ni mkulima. Nina mikorosho, na shamba la ufuta upande wa kwenda Njinjo. Nilimaliza kidato cha nne enzi ambazo kumaliza kidato cha nne lilikuwa jambo la kutangazwa. Kiingereza cha kusoma ninacho.

Kwa hiyo pale kijiweni kwetu, kwa Bi Somoe muuza supu na chapati, msomaji nilikuwa mimi. Navaa miwani, nafungua simu, nawatafsiria wenzangu mambo ya dunia.

Nakiri, nilipenda kusikilizwa. Nyumbani tumebaki wawili, mimi na mke wangu, na yeye habari za ndege hataki hata kuzisikia.

Aliyekuwa hanichukulii kwa uzito ni mmoja tu. Binamu yangu Bakari, mtoto wa shangazi.

Bakari alikuwa mekanika wa ndege ndogo Dar kwa miaka mingi. Alipostaafu akarudi nyumbani, akawa fundi wa pikipiki na mashine za kuvutia maji. Watu walikuwa wanamletea kazi hadi kutoka Nyangamara.

Sisi mabinamu ni watani, mila mnazijua. Yeye ananiambia mbele za watu kwamba shule nilikwenda kula uji tu. Mimi namwambia ndege alizotengeneza yeye ndizo zilizowafundisha abiria kusali. Hakuna kununa. Kwenye utani, anayenuna ndiye mwenye kosa.

Sasa kuna jambo inabidi mlijue kabla sijaendelea.

Kipindi cha kupalilia ufuta, Bakari alinivuta pembeni akaniambia macho yanamsumbua. Alisema, "Binamu, naona kama nachungulia kwenye bomba. Katikati kunaonekana, pembeni giza." Alikwisha pimwa na madaktari wa macho, wakamwambia ni presha ya macho. Walimpa dawa ya matone, kila siku bila kukosa, na wakamwambia aende hospitali kubwa.

Hakutaka mtu ajue. Mkewe angewaambia watoto, na watoto wangemchukua wakamkalishe Dar kwenye kiti. Wateja nao wangemkimbia. Nani atampa fundi asiyeona injini yake?

Mikono yake inatetemeka, matone hawezi kujitia mwenyewe. Akaniomba mimi. Kila siku baada ya swala ya alasiri nilikuwa napita kwake, tunajifanya tunakwenda kuangalia mashine nyuma ya nyumba, namtia dawa.

Tukakubaliana pia kwamba tukishavuna ufuta, nitamsindikiza Dar. Mkewe tutamwambia tunakwenda kutafuta vipuri.

Basi, siku moja asubuhi pale kwa Bi Somoe nilikuwa nawahutubia watu juu ya Su-57. Nilikuwa nimesoma kwamba ni ndege ya "stealth". Na mimi kwa kidato changu cha nne nikalitafsiri neno lile moja kwa moja: haionekani.

Nikawaambia, "Mrusi katengeneza ndege haionekani. Inapita juu ya kichwa chako hapa na huioni."

Watu wananisikiliza. Nikawaonyesha na picha kwenye simu.

Bakari akaichukua simu, akaisogeza karibu kabisa na uso. Akauliza taratibu, "Binamu, hii picha kapiga nani?"

"Sijui, mpiga picha tu."

"Huyo mpiga picha kaipigaje na ndege yenyewe haionekani? Au alibahatisha?"

Wakuu, kijiwe kizima kilivunjika mbavu. Bi Somoe alicheka mpaka akaweka upawa chini. Akasema, "Jamani, mwacheni msomi wa watu!"

Bakari hakunyamaza, ndiyo utani wenyewe. "Labda walimwaga rangi kwanza, kisha wakapiga!"

Ilikuwa zamu yangu. Nilitakiwa nimrudishie utani tucheke, tunywe supu. Nimekaa nikitaniana na mtu huyu tangu tuko wadogo, nilikuwa nayo maneno mia ya kumjibu.

Badala yake nilinuna. Nikasimama, nikasema kwa sauti:

"Wewe huoni hata tundu la nati, utanifundisha nini kuhusu ndege isiyoonekana? Muulizeni kila siku alasiri nani anamtia dawa ya macho! Mnampelekea mashine kipofu!"

Kicheko kikakatika.

Kulikuwa na mtu pale ambaye pikipiki yake ilikuwa kwa Bakari tangu jana yake. Nilimwona anamtazama Bakari, kisha anatazama chini.

Bakari akanirudishia simu yangu. Akasema tu, "Haya binamu, umeshinda." Akaondoka, anapapasa benchi kwa mkono mpaka akaipata njia.

Bi Somoe akaniambia, "Mzee mzima. Lile ulipewa ulifiche."

Nilijua palepale kwamba nimekosea. Niseme ukweli huo, nisije nikajisingizia kwamba sikujua. Alasiri ya siku ile nilitoka nyumbani kwenda kumtia dawa, nikafika kwenye kona ya nyumba yake, nikarudi. Nilijiambia amenuna, nimwache apoe.

Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa nikajiambia, yeye ndiye aliyeanza.

Na humu jukwaani ndimo nilimokuja kujificha. Mnaokumbuka ule uzi wangu mrefu kwamba Su-57 haionekani na hakuna rada ya kuiona, niliuandika wiki ile. Mlinipa like nyingi. Nikavimba kichwa.

Mwanachama mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mzee, haionekani kabisa, au inapunguza kuonekana?" Nikamtukana. Mkuu, kama unasoma hapa, nisamehe. Ulikuwa umeuliza swali lile lile la binamu yangu, kwa upole zaidi.

Nikaanza kusoma ili nimkomeshe. Nikasoma sana, taratibu, na kamusi pembeni. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuishiwa nguvu.

Ndege ile kwa macho inaonekana kama ndege nyingine yoyote. Inachokwepa ni rada. Rada inatupa mawimbi, yakigonga kitu yanarudi. Ndege hizi zimekatwa kwa pembe ambazo mawimbi yakigonga yanaruka kwenda kando, hayarudi yalikotoka. Silaha zinafichwa tumboni ili zisining'inie nje zikaakisi. Hata hivyo kuna kinachorudi, ila ni kidogo. Inaonekana, ila kwa kuchelewa. Adui akija kuiona, imekwisha mkaribia.

Kwa kuchelewa. Neno lenyewe ndilo hilo, na mimi nilikuwa nimeandika "haionekani".

Hata hapo sikwenda kwake, wakuu. Nilikuwa nimekwisha jua kwamba binamu alikuwa sahihi, na bado nikaona aibu. Ufuta ukavunwa, ukauzwa. Korosho zikaanza kudondoka. Safari ya Dar hakuna aliyeitaja.

Siku moja pale njia panda, wanaposimama mabasi ya Lindi na Mtwara, nikakutana na mke wa Bakari. Yeye shemeji yangu, na hajawahi kunisalimia bila kunicheka. Siku hiyo hakucheka.

"Shemeji, maneno ya kijiweni niliyasikia, mume wangu akaniambia ni utani wenu tu. Leo nilikuwa nafagia nyuma ya nyumba nikakuta chupa ya dawa ya macho. Imejaa. Muda wake umekwisha. Nimemuuliza mume wangu, anasema muulize binamu."

Nikageukia mabasi.

"Mlinificha wote wawili, sawa, hiyo nawasamehe," akasema. "Lakini wewe ulikuwa unajua. Ukamwachaje?"

Nikaenda naye moja kwa moja mpaka nyumbani. Bakari alikuwa amekaa chini, kafungua mashine ya maji, anahesabu nati kwa vidole. Nilisimama mbele yake hatua tatu hivi, mchana kweupe.

Akauliza, "Nani?"

Wakuu, mimi huyu! Zamani alikuwa ananijua nikiwa bado niko barabarani, ananitukana kabla sijafika.

Nikasema, "Ni mimi, binamu. Nimekuja kukuomba radhi."

Akaifuta nati kwa kidole gumba. Kisha akasema, "Kwanza ndege inaonekana au haionekani?"

"Inaonekana."

"Na rada?"

"Na rada inaiona, ila kwa kuchelewa."

"Alhamdulillahi. Shule imeanza kukuingia." Akasogea, akanipa nafasi ya kukaa. "Mimi sikununa kwa ajili ya ndege, binamu. Yule bwana alikuja kuichukua pikipiki yake siku ile ile, imefunguliwa nusu. Akaisukuma hivyo hivyo."

Nikalia. Mkewe akaingia ndani akatuacha.

Wiki ile tulipanda basi watatu kwenda Dar, mimi, yeye na mkewe, bila uongo wa vipuri. Daktari alikuwa kijana mpole. Alituambia ugonjwa huu hauumi, unakula pembeni polepole, na kilichokwisha potea hakirudi. Jicho la kulia lilikuwa limekwenda. La kushoto kulikuwa kumebaki kidogo, wakalifanyia upasuaji ili wakilinde hicho kilichobaki.

Nilimuuliza, kama angetiwa dawa miezi ile minne yote, ingekuwaje? Daktari akasema hawezi kuapa, lakini pengine angekuwa na zaidi ya hapa. Bakari akamkatiza, "Usimjibu huyu, daktari. Ataenda kuandika kwenye simu."

Tuliporudi nilikwenda kijiweni. Kosa nililifanya hadharani, na radhi nikaiomba hadharani. Bi Somoe akasema mtani aliyenuna lazima atozwe, na adhabu yangu ni kuisimulia ile ndege upya, mbele ya Bakari, bila kudanganya.

Nikaisimulia. Kwamba iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 2010. Kwamba Wahindi walikuwa wabia, baadaye wakajitoa. Kwamba ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi ilianguka kabla ya kukabidhiwa, rubani akaokoka. Kwamba pua ina rada, na mashavu nayo yana rada, na matundu ya injini yanageuka, ndiyo maana inapinda angani kwa namna ya kushangaza.

Bakari akauliza kwa nini wanasema kwa nyuma haijifichi vizuri. Nikajibu kwamba injini iliyokusudiwa ilichelewa, za mwanzo zikapewa injini ya muda, na matundu yake ya mviringo yanarudisha mawimbi. Akaitikia kwa kichwa. "Leo nampa pasi," akasema. "Ya kuponea chupuchupu."

Bado naipenda ndege ile. Ni kazi ya watu wenye akili. Ila nimejifunza kwamba nilikuwa naitetea nafsi yangu, si ndege. Mrusi hanijui. Ndege yake haikupungukiwa chochote nilipochekwa, na mimi kwa kicheko cha dakika moja nilimkosesha ndugu yangu jicho, au sehemu yake. Hilo nitakwenda nalo kaburini, na sitaki mtu aniandikie hapa kwamba ni kudra tu. Kudra ipo, na miguu yangu iliyoishia kwenye kona ile ilikuwa yangu.

Wadogo zangu, mkiwa mnabishana humu, iwe ndege, timu au chama, angalieni mkono unapokwenda kuokota silaha. Ukiona umeshika siri ya mtu, iachie. Kubali ucheke na wewe. Na ukikosea, nenda siku ile ile, hata kama aibu inakuvuta shati.

Sasa karibuni mseme. Mwenye mzazi mwenye presha ya macho atueleze wanavyomtunza. Na mnaofuatilia habari za ile injini mpya, mtupe mlichonacho, kwa sababu Bakari anaulizia kila siku na mimi sitaki tena kutafsiri kwa kukisia.

Nimekaa naye hapa barazani kwake. Nimemwahidi nitamsomea kila mtakachoandika, na ameniambia nianze na wale watakaonitukana.