Ua la Mama

Kitindamimba ndiye aliyebaki na mama yao. Kaka yake alisema, "Wewe si unashonea nyumbani? Basi mtazame mama." Akahama, akawa mtu wa simu tu.

Mama alikuwa amefanya kazi posta, miaka ishirini na nane akigonga mihuri dirishani. Starehe yake ilikuwa ua moja la kutambaa, lenye majani ya umbo la moyo na madoa ya manjano. Lilianza na kipande kilichotiwa kwenye chupa ya maji, likazunguka sebule nzima, likishikwa na misumari na nyuzi. Jirani akiomba mbegu, mama alimkatia chini ya kifundo na kumuonya: "Udongo ukiwa mbichi usimwagilie, mwanangu. Ua hili halifi kwa kiu, linakufa kwa mapenzi."

Kisha usahaulifu ukamwingia. Akiamka, anamwagilia. Akinywa chai, anamwagilia. "Maskini, toka juzi halijanywa." Kitindamimba akaficha kopo, mama akachukua sufuria. Majani yakaanza kudondokea cherehani, chungu kikanuka.

"Wewe ndiye unayeliua," mama akamwambia. "Kijicho chako tu."

Kitindamimba alipopindua chungu, mizizi ilikuwa myeusi, laini kama uji. Akakata vipande sita vilivyokuwa bado vizima, akavitia kwenye chupa dirishani, kama alivyofundishwa.

Siku ya tano alikwenda kumpelekea mteja sare za shule. Hakukaa hata nusu saa. Aliporudi alimkuta mama jikoni, mate yanamchuruzika, midomo imevimba, ulimi hausemi. Mbele yake bakuli la majani yaliyokatwakatwa vizuri kama mboga.

"Atapona," mganga wa zahanati alisema. "Lakini utomvu wake ni mkali. Lisikae nyumbani."

Akatupa vyote jalalani, akang'oa na misumari.

"Ua langu liko wapi?" mama akauliza midomo ilipopoa. Akaambiwa ukweli, akalia kama aliyefiwa. Baada ya chakula akauliza tena, akalia upya. Siku nne, msiba uleule. Siku iliyofuata Kitindamimba akachoka.

"Nimelipeleka kwa kaka, mama."

"Kwake kuna mwanga?"

"Upo, mama."

Mama akatulia, akalala usingizi mzuri. Jumapili kaka akapiga simu. Kabla hata ya salamu, mama akamuuliza ua linaendeleaje.

"Ua gani, mama? Mimi sina ua."

Mama akaishusha simu polepole, akamtazama binti yake. "Mwizi."

Hilo hakulisahau. Alisahau posta, akasahau jina la huyo mwanawe wa kiume, lakini chakula cha mkono wa Kitindamimba hakukigusa tena. Ikabidi jirani aje kumlisha, mchana na jioni, miezi saba, hadi alipofariki. Kitindamimba alipika, akasubiri nyuma ya pazia na maji ya kunawa, akisikiliza kijiko kikigonga bakuli.