Ukuta wa Ng'washi

Mwaka ule wa Operesheni Vijiji, nyumba za kijiji kipya jirani na Kisesa zilipangwa mstari mmoja kando ya barabara, na mwenyekiti alitaka kila ukuta ukandikwe na kupambwa kabla ya wageni wa Sabasaba. Ukuta wa Chenge tu ndio uliobaki mtupu. Mkewe, Ng'washi, tangu ajifungue alikuwa hali akashiba wala halali akapumzika. Alikaa mlangoni kutwa nzima, mtoto akilia ndani. Wenye midomo hawakukosa la kusema. Wengine walisema karogwa, wengine wakasema ni uvivu, na hao waliosema uvivu ndio waliostahili viboko.

Mama mkwe wake, Mhoja, alimchukua kichanga akakaa naye. Akatangaza kwamba Jumapili ukoo utakutana, na Ng'washi akishindwa kujieleza, atarudishwa kwao bila mwanawe.

Jirani yao Tereza, kwa kuwaogopa wageni zaidi ya kumhurumia mgonjwa, alimletea masizi, majivu na udongo mwekundu, akamwambia apake chochote. Ng'washi alitafuna ncha ya kijiti mpaka ikalainika, akaanza. Wenzake walikuwa wamechora pembetatu na madoa, kama walivyofundishwa na mama zao. Yeye alipaka weusi karibu ukuta mzima, na ndani yake akamweka mwanamke mdogo asiye na mdomo.

Kesho yake watu walipita upande wa pili wa barabara, wakidai ni uchawi. Mwenyekiti aliagiza ufutwe. Ng'washi alikataa kwa kichwa, na kwa hofu ya uchawi hakuna aliyethubutu kuugusa. Kila siku aliongeza kitu, na jioni aliweza kumaliza sahani yake ya ugali.

Jumapili wazee walimwuliza ana nini. Basi akainuka, akawaongoza hadi ukutani, Chenge akifuata nyuma kwa aibu.

"Huyu ni mimi," alisema, akimgusa yule mwanamke. "Hapa mtoto analia, namsikia kama yuko ng'ambo ya ziwa. Nampenda, lakini simfikii. Na hapa," akaonyesha mstari mwekundu uliopasua weusi kutoka chini, "hapa nimeanza kutembea."

Mhoja, ambaye ulimi wake ulijulikana hadi Magu, alimfungua mtoto mgongoni, akamweka mikononi mwa mama yake. Ng'washi alimkumbatia akalia kwa sauti, kwa furaha tupu, wala hakumwonea mtu haya. Ukoo ulitawanyika ukizungumzia pamba.

Mhoja alibaki. Aliokota kijiti, akakichovya kwenye masizi.

"Nilipomzaa Chenge nilikuwa hivihivi," alisema. "Sijapata kumwambia mtu. Mimi nijichore wapi, mwanangu?"

Ng'washi akasogea, akampisha ukutani.