Mama Alitafuta Mahali pa Kufia

Mama hakuwa mgonjwa. Naliweka hilo mbele kwa sababu kila nikianza kusimulia jinsi tulivyochagua Louisville, watu hunipa pole kabla sijafika popote. Alikuwa na miaka sitini na kitu, meno yote, na mdomo usiokaa na jambo.

Tulikuwa tunaishi Buffalo, Marekani, upande wa East Side, tangu tulipotolewa kambi ya wakimbizi Tanzania. Kambini ndiko nilikokulia. Burundi naijua kwa kusimuliwa. Majira ya baridi ya mwaka wetu wa tatu alifariki mzee mmoja jirani yetu, Mrundi mwenzetu, mwimbaji wa kwaya. Theluji ilikuwa magotini. Watu walikuwa kazini, na mimi nikiwemo. Ukumbi wa kumuagia ulikodiwa kwa saa mbili, na saa mbili zilipokwisha mhudumu akaanza kukunja viti, watu wachache waliokuwepo wakiwa bado wamekalia vingine. Mama alirudi nyumbani, akaketi kwenye ngazi kuvua buti, akasema, "Hapa mimi sifii."

"Nani kakwambia unakufa?" nikamuuliza.

"Nimesema nakufa? Nimesema hapa sifii."

Siku hizo kila mtu alikuwa analisifia jimbo la Kentucky: kodi nafuu, baridi inayovumilika, kazi za maghala tele. Mimi nilitaka Louisville kwa ajili ya hayo maghala. Kaka yangu mkubwa alikuwa anaishi Gahanna, karibu na uwanja wa ndege wa Columbus, Ohio, na sijawahi kumwona akiwa na wazo akalinyamazia. Alisema kama ni Kentucky basi ni Lexington, mji msafi wenye watu wastaarabu. Yeye mwenyewe hakuwa na nia ya kuhama. Kwake Columbus hatukuweza kwenda, maana Mama na mke wake hawapikiki chungu kimoja. Mama alitusikiliza wote wawili, akasema ataona mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 2015, theluji imeshaisha. Tulipanda basi mimi na Mama hadi Columbus, kaka akatupokea, tukashuka kusini kwa gari lake. Njia nzima alitusomea sifa za Lexington. Tulipofika akatupeleka kwa rafiki yake, Mrundi, mtu mpole mwenye sebule inayong'aa. Tukaonyeshwa shule, duka, nyumba ya kupanga yenye mashine ya kufulia ndani. Mama alikunywa chai yake yote, kisha akauliza, "Mtu akifa hapa mnafanyaje?"

Mwenyeji akatabasamu kwa fahari. "Mama, hapa kwetu hajafa mtu bado."

"Asante," Mama akasema, akatafuta viatu vyake.

Garini kaka alikuwa amefura. "Huyo mtu kakwambia hakuna vifo, wewe unanuna!"

"Sasa nitawajuaje?" Mama akajibu. Mimi nilicheka peke yangu kiti cha nyuma, na kaka hakunisemesha hadi Louisville.

Huko tulifikia kwa mama mmoja wa Kikongo, mtu wa milima ya Kivu Kusini, niliyefanya naye kazi kiwandani Buffalo kabla hajahamia Okolona, mtaa wa Louisville. Alikuwa ameshanitafutia nyumba karibu na maghala. Mama hakungoja hata chai. Aliuliza swali lake hapo mlangoni.

"Bon, mama, leo iko kilio," yule mama akasema. "Ndugu moja wa kanisa letu, mama yake alikufa Uvira. Wamemuzika leo. Watu wako kwake siku ya tatu."

"Nipeleke."

Kaka alimshika mkono. "Mama, haiwezekani! Tukamlilie mtu tusiyemjua, eti tunatafuta nyumba?"

"Wewe baki na gari," Mama akasema.

Hakubaki. Tulikuta magari yamejaa barabara nzima. Wanaume walikuwa gereji, kwenye viti vya plastiki, wengine bado na vizibao vyao vya kazi vinavyong'aa, mmoja amelala kwa kukaa, buti miguuni. Wanawake walikuwa wanaimba sebuleni. Mama alilia kama inavyotakiwa, akapita moja kwa moja jikoni. Nilimfuata. Alikuwa anatazama nani anaosha sufuria, na kama wasichana wanasukumwa au wanajiendea. Kisha akakunja mikono ya blauzi yake, akaingia kuosha.

Baadaye mfiwa mwenyewe akaja, mtu wa makamo, macho yamevimba. Alimsalimia Mama kwa mikono miwili. "Mama, mulijuana na mama yangu wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kaka alikuwa mlangoni, akageukia ukuta.

"Sikumjua, mwanangu," Mama akasema. "Tunatafuta mji wa kuhamia. Nimekuja kuona mnavyoomboleza."

Nilidhani yule mtu atatufukuza, na angekuwa na haki.

"Mama yangu wamemuzika leo," akasema, "na mimi niko hapa. Donc, ukae, mama. Ukae na mimi."

Akamwongoza sebuleni, akamketisha kando ya picha ya marehemu. Mama alikaa pale hadi jioni, mkono wake begani kwa mtu ambaye asubuhi hakumjua.

Tulipoingia garini alisema neno moja tu: "Hapa."

Kaka hakuwasha gari. "Mama, mimi niko Columbus. Ni mbali. Likitokea la kutokea?"

"Wewe utapigiwa simu."

"Mama!"

"Sikulaumu. Utapigiwa simu, utaendesha, utafika. Hawa watakuwa wameshafika."

Kaka yangu, mwenye neno kwa kila jambo, aliinamisha kichwa kwenye usukani akalia. Mimi nilikuwa nyuma, ninayekaa na Mama nyumba moja, na nikauliza kwa sauti ya kujiamini, "Na mimi?"

"Wewe utakuwa kazini," Mama akasema. Hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake. Niliumia sana, hilo silifichi.

Tulihamia Okolona mwezi wa sita, nyumba ileile ya karibu na maghala, na kazi nikapata wiki hiyohiyo. Maboksi yalikuwa bado hayajafunguliwa, gari likapiga honi nje. Kulikuwa na msiba mwingine, wa binti mdogo safari hii, na wanawake walikuwa wamempitia Mama. Alikuwa ameshajifunga kanga, na sufuria yetu kubwa iko kwapani.

"Unakuja?" akaniuliza.

Nilikuwa naingia zamu saa tisa, na nilikuwa mgeni kazini. Nikatazama saa. "Nitakuja Jumapili, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaniambia chakula kiko kwenye friji.