Ombi la Kila Alhamisi

Gladys Igoki wa Kibugu alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, nalo lilikuwa mwanawe, Njuki. Kila Alhamisi saa nane, akina mama wa kanisa lao walipokwisha kupeleka majani chai kwenye kituo cha kuyapimia na kunawa miguu, walikutana sebuleni kwa mmoja wao, wakaimba kidogo, kisha wakaulizana ni nani mwenye ombi. Kwa miaka sita aliyesimama wa kwanza alikuwa Gladys. Hakuna aliyeshangaa. Hata chai haikumiminwa kabla Njuki hajaombewa.

Tusimcheke. Mumewe, Ireri, alikunywa hadi akaokotwa amekufa kando ya barabara asubuhi ya Jumapili, watu wakipita kwenda ibadani. Mwaka huohuo Gladys aliokoka, akamlea mtoto wake wa pekee kwa mikono iliyokuwa nyeusi kwa utomvu wa chai, akamsomesha hadi kidato cha nne. Siku alipomwona Njuki akirudi nyumbani huku akijishikilia kwenye ua wa boma, miguu imemkataa, alijua anamwona Ireri kwa mara ya pili. Mama wa namna hiyo akikimbilia maombi, ni nani atamlaumu?

Kosa lilianza likiwa dogo. Kusema tu mkumbukeni mwanangu hakukutosha. Akina mama walitaka kujua waombe nini hasa, wasije wakaomba ovyo. Basi Gladys akawaambia. Njuki ameuza redio. Njuki ameanguka mbele za wazee kwenye sherehe ya jirani. Njuki amelala usiku kucha katika mtaro ulio chini ya kanisa. Walilia pamoja naye, wakafunga pamoja naye, wakamshika mabega. Na Gladys, ambaye tangu aolewe hakuwahi kukalishwa na mtu akasikilizwa, alipata pale kitu ambacho hakuwa amekipata popote. Nasema bila kumwonea: alizoea utamu wa kuhurumiwa.

Njuki alioa, akamwoa Kanana, msichana wa Kiirua asiye na maneno mengi. Wakahamia Kanja, wakakodi shamba dogo. Gladys alimpigia mwanawe simu kila Jumapili jioni. Alimwuliza kama wamekula, kama mvua imenyesha, na kijana alipokuwa akijibu, mama alikuwa akiisikiliza sauti, aone kama ulimi unateleza. Hakuuliza lingine. Ilipofika Alhamisi, alisimama.

Mwezi wa tano Njuki alikuja Kibugu peke yake, shati limepigwa pasi. Alikuwa ametoka kwa Kiunga, mwenye lori la mbao, kumwomba kazi ya udereva. Gladys akamwekea chai mezani. Hakuigusa.

Alimweleza mamake, bila kupandisha sauti, kwamba Kiunga alimpokea vizuri mno. Kiunga huyo alimwambia kwamba mke wake, mmoja wa akina mama wa maombi, hufunga kwa ajili ya Njuki kila Alhamisi, kwamba wiki iliyopita tu wamesikia jinsi alivyolala mtaroni, na kwamba siku Bwana atakapomfungua, aje, lori lipo.

"Mtaro gani, Mami?" Njuki aliuliza. "Mimi sijaonja pombe miezi kumi na moja."

Gladys alishika ukingo wa meza. Habari ya mtaro ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Alhamisi ile hakuwa na jipya la kueleza, akina mama walikuwa wakimtazama na kungoja, naye akaitoa ile ya zamani kana kwamba ilitokea juzi.

"Mbona hukuniambia umeacha?" akasema.

"Ungeniuliza ningekuambia. Ulikuwa unaniuliza tu mvua."

Kisha akasema lililomleta. Kanana alikuwa na msichana wa miezi miwili, mtoto wao wa kwanza, na kwa desturi yao mtoto huyo alipewa jina la nyanyake, Igoki. Gladys alikuwa amekwisha kupanga abatizwe Kibugu, na akina mama wa Alhamisi walikuwa wamenunua shali.

"Jina ni lako, na hilo siwezi kukunyang'anya," Njuki alisema. "Lakini atabatizwa Kanja, mahali hakuna mtu anajua mambo ya mtaro. Na sitaki mtoto wangu awe hadithi ya watu. Kama huwezi kunyamaza, usikuje."

Alipoondoka, Gladys alibaki ameketi mpaka chai ikapoa. Kwa miaka sita alikuwa amemweleza Mungu habari za Njuki, akawaeleza na majirani. Lakini na Njuki mwenyewe hakuwa ameongea. Na Mungu alikuwa amejibu tangu zamani, naye akazidi kuomba kama mtu anayebisha mlango uliokwisha kufunguliwa. Iliuma, na ilistahili kuuma.

Alhamisi alisimama wa kwanza. Wenzake wakatoa leso mapema. Aliwaambia kwamba mwanawe ameacha pombe karibu mwaka mzima, kwamba habari ya mtaro ilikuwa ya zamani, na kwamba yeye Gladys alisema uongo katikati ya maombi. Hakuna aliyesema amina. Mke wa Kiunga alitazama sakafu. Hatimaye mmoja, kwa nia njema kabisa, akauliza kama basi Njuki angeweza kuletwa atoe ushuhuda, wengine wajengwe. Gladys akamjibu kwamba habari za Njuki ni za Njuki. Siku hiyo hakuna aliyemshika mabega, na alirudi nyumbani kabla ya chai.

Ubatizo ulipofika, alikwenda Kanja bila kualikwa na bila kukatazwa. Hakumpigia Njuki simu kumweleza aliyoyafanya, maana aliona hiyo nayo ingekuwa njia ya kutaka asifiwe. Aliketi benchi la mwisho. Alimwona mjukuu wake kwa mbali, akasikia jina lake mwenyewe likitamkwa juu ya maji.

Baadaye mchungaji aliomba wageni wasimame wawasalimie waumini. Alisimama peke yake. Mama mzima, kitambaa kichwani, Biblia iliyochakaa mkononi: mchungaji alimtambua mara moja kuwa mtu wa maombi. Akaletewa maikrofoni, akaombwa awape ushuhuda, au ombi kama analo. Njuki aligeuka. Akakaza uso. Kanana akamvuta mtoto kifuani.

Ushuhuda alikuwa nao. Mume mlevi, mwana mlevi, miaka sita ya kufunga, na Mungu aliyejibu. Safari hii ulikuwa wa kweli, kila neno, na kanisa zima lingesimama kwa makofi.

"Bwana asifiwe," Gladys alisema. "Naitwa Gladys, natoka Kibugu. Nimekuja kuabudu pamoja na nyinyi."

Mchungaji akangoja. "Na ombi, mama?"

"Sina."

Akarudisha maikrofoni, akaketi. Wimbo ulipoanza, Njuki aliinuka, akapita katikati ya mabenchi yote mpaka nyuma, akamwinamia.

"Mami," alisema, "nafasi iko huku mbele. Kuja ushike mtoto."