Vipara Vinne Vyaenda Likizo

Binti yangu mdogo aliniomba ruhusa ya kucheka. Nilikuwa nimejilaza kwenye kochi nyumbani kwetu Pasiansi, Mwanza, siku chache baada ya dripu ya nne, akaja kwa kunyata, akaniinamia sikioni na kunong'ona: "Mama, kwenye TV kuna kitu cha kuchekesha. Naweza kucheka kidogo?"

Nikamwambia acheke. Akafunika mdomo kwa mikono miwili, akacheka kimyakimya huku mabega yakitikisika, kisha akaniambia asante.

Nilikasirika hadi kichefuchefu kikanipotea. Sikumkasirikia yeye, niliikasirikia nyumba nzima. Tangu niambiwe nina saratani ya titi, mume wangu alikuwa amewaamuru watoto wasinisumbue, nao wakatii, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ukoo wetu. Mkubwa, wa kidato cha pili, aliacha kubisha. Mdogo, wa darasa la tatu, aliacha kuja kushtaki. Zamani nyumba ile ilikuwa na kelele kiasi kwamba jirani mpya aliwahi kuuliza kama tunafundisha tuisheni. Nami nilikuwa mama wa kandambili: ukibisha, inavuliwa, ukikimbia, inakufuata. Sasa kandambili zangu zilikaa mlangoni zimepangwa vizuri, kama za mgeni.

Hapo hapo nikaamua tunakwenda likizo. Nilitaka wanangu wapige kelele tena, na nilitaka niwepo kuzisikia. Nilimwambia hivyo mume wangu aliporudi kutoka kiwandani Nyakato, kabla hajavua viatu.

"Likizo ya wapi?" akauliza.

"Popote ambapo hakuna anayejua naumwa."

"Na hicho kipara?"

"Nitasema ni fasheni."

Dripu zangu zilikuwa kila baada ya wiki tatu. Wiki ya kwanza wewe si mtu, u mzigo tu. Ya pili damu inashuka na hupaswi kukoholewa hata na kuku. Ya tatu unarudi duniani, unatamani chipsi, na hapo ndipo wanakuita tena. Daktari alisema wiki ya tatu naweza kusafiri kama chembe nyeupe za damu zitakuwa zimepanda, nisile vitu vibichi, na homa ikinipata nirudi mbio. Nikaanza kuzibembeleza chembe nyeupe kwa supu na maombi.

Kikao cha familia kilifanyika juu ya kitanda changu. Mume wangu alitaka mahali penye televisheni ya mpira. Mkubwa alitaka mahali ambapo mtandao haukati. Mdogo alitaka bwawa lenye ngazi na mtelezo. Mimi nilitaka ufukwe usio na harufu, maana tangu dripu zianze kila chakula kilikuwa na ladha ya sarafu, na harufu ya dagaa ilikuwa ikinikimbiza chooni. Baada ya kubishana kwa sauti za kanisani tukachagua Ukerewe, kisiwa ambako dagaa huanikwa juani hadi upepo wenyewe unakuwa kitoweo. Akili za dripu hizo, wala sizitetei.

Habari zikamfikia shangazi yangu kule Bujora. Akaja na jogoo kwapani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nasikia mnasafiri. Mnakwenda kwa nani?"

"Gesti, shangazi. Tunalipia vyumba, tunakaa."

"Nani amefariki huko?"

"Hakuna."

"Nani anaoa?"

"Hakuna anayeoa. Tunakwenda kupumzika."

Shangazi akaliangalia kochi, akaniangalia mimi, akaliangalia tena kochi. "Sasa hili lina kasoro gani?"

Sitamcheka sana. Kwetu safari lazima iwe na mtu mwishoni. Unakwenda kwa fulani, unampelekea sukari, anakuchinjia kuku, unarudi na gunia la viazi. Gesti ni ya madereva wa malori na watu wanaojificha. Shangazi akasema mgonjwa wa ukoo wake hatalala kwa watu asiowajua, na kabla jogoo hajachemka alikuwa amempata mtu: rafiki yake wa zamani waliyeimba naye kwaya, mjane anayeishi Ukerewe karibu na maji. Alikuwa hajawahi kutuona hata siku moja.

Alimpigia simu mbele yetu kwa sauti ambayo ingefika Ukerewe hata bila simu. Na kwa sababu ukimwombea mgonjwa hifadhi ni lazima umpunguze kidogo ili apokelewe vizuri, shangazi alinipunguza hadi nikabaki mifupa. "Amekwisha, dada yangu! Amebaki macho! Kitandani hapandi, mtandikieni godoro chini! Ugali hata kuuona hawezi!"

Wakati huo mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake na paja la pili la jogoo. Zile dawa za kuzuia kutapika, katika wiki zangu nzuri, zilikuwa zinanipa njaa ya mkulima, na mashavu yangu yalikuwa yamevimba nikafanana na mke wa diwani.

Siku chache kabla ya safari, mume wangu akaingia na mabinti zetu kutoka saluni, wote watatu wamenyolewa upara. Hawakutaka niwe kipara peke yangu mbele za watu. Nililia, nasema wazi. Kisha nikacheka, kwa sababu kichwa cha mume wangu kilikuwa na pembe ambazo nywele zilikuwa zimezisitiri tangu tuoane.

Shangazi hakucheka. "Nyumba nzima? Nyumba nzima hunyolewa matanga yakianuliwa, watu wakishazika. Ninyi mnatangulia kunyoa, mnamwita nani?"

Mgonjwa ana kiburi cha mtu anayejua hawezi kuchapwa. Nikamwambia, "Shangazi, hayo ni mambo ya zamani." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu lilisubiri hadi Nansio, bandari ya Ukerewe.

Damu ikapimwa, chembe nyeupe zikakubali, tukapanda meli. Wanangu walikaa kwenye benchi mikono mapajani kama wanaosubiri kipaimara. Hawakugombania dirisha wala soda. Mama mmoja muuza karanga aliwapa pakiti mbili bure, akatikisa kichwa, akasema, "Poleni sana, wanangu." Baba mmoja akamshika mume wangu bega. Nikajiuliza hawa watu wamejuaje kama naumwa, nikaudhika, nikala karanga za watoto.

Meli ilipofunga gatini, mwenyeji wetu alikuwa pale. Tulimtambua mara moja: bibi mrefu katika kitenge cha kanisa, wanawake wenzake kadhaa nyuma yake, na mbele yao toroli lililotandikwa godoro, mto na blanketi zito. Hilo ndilo lilikuwa gari langu. Nilipoliona nilinuia kugeuza meli. Nikajitwisha begi kubwa kichwani, nikashika ndoo ya maandazi mkononi, nikashuka kwa mwendo wa kuonyesha watu.

Bibi hakuniangalia. Aliangalia nyuma yangu. Abiria wakashuka, kuku wakashuka, pikipiki ikashushwa, naye bado anachungulia melini akitafuta mtu wa kubebwa. Mume wangu akajitambulisha. Bibi akamwangalia kichwani. Akamwangalia binti mkubwa kichwani, akamwangalia mdogo, akaniangalia mimi chini ya begi. Kisha akatazama godoro lililo tupu.

"Uuuwi!" Akajishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Tumechelewa! Ameondoka!"

Wanawake wote wakapokea. Kilio kilichopigwa gatini pale sijawahi kukisikia hata kwenye msiba wa mtu mzito. Mimi kwanza nilidhani ndiyo desturi yao ya kupokea wagonjwa, nikazidi kununa. Mume wangu, ambaye hawezi kumkatiza mtu mzima hata anapokosea njia, alisimama ameinua kidole kama mwanafunzi anayesubiri kupewa nafasi ya kusema. Mtu anayelia haingiliwi, unasubiri avute pumzi. Bibi alikuwa mwimbaji. Pumzi haikukatika.

Mwishowe akanishika mkono. "Poreni, mwanangu," akasema, kwa ulimi wa kwao usiojali sana l na r. "Wewe ni nani wake? Dada yake?"

Hapo ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimekufa, ninaliliwa, na nimesimama hapo hapo na ndoo ya maandazi.

Nilipaswa kusema ukweli. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini bibi hakusubiri jibu. Aliichukua ile ndoo, akanipa nyingine tupu, akasema, "Jikaze. Wewe ndiye mtu mzima wa kike hapa. Tukifika, bomba liko nyuma ya nyumba, kachote maji, watu wanakuja." Mabegi yetu yakalazwa kwenye godoro langu, yakafunikwa blanketi, yakasukumwa kwa heshima zote.

Nani aliyenipa ndoo mara ya mwisho? Miezi mingi kila niliponyanyua kijiko mtu alinipokonya. Mama kaa, mama lala, mama usichoke. Sasa kuna mtu ananituma maji, tena kwa ukali. Nilisikia raha mwilini kama nimepakwa mafuta. Kufa kufaana, wahenga walisema, ila sidhani walikuwa wanamfikiria marehemu mwenyewe.

"Ndiyo," nikamjibu bibi. "Tulikuwa karibu sana."

Mume wangu akanitolea macho. Nikampita na ndoo yangu.

Nyumbani kwa bibi nilichota maji, nikaosha masufuria, nikapewa kisu na rundo la mihogo. Nilikaa kwenye kigoda katikati ya wanawake wakinisimulia habari zangu. Nilikuwa mtu wa watu. Nilikuwa mpole. Mmoja alisema nilikuwa sijawahi kugombana na mtu, na mume wangu akapaliwa na chai. Mwingine akasema marehemu alikuwa mwembamba, jamani, amebaki macho, huku ananipa kipande cha pili cha kiazi.

Wanangu walikuwa wamekaa mkekani kwa adabu yao mpya, wamepigwa bumbuwazi. Bibi akawaendea. Akamvuta mdogo kifuani, akamkandamiza kichwa kwenye kitenge, akamwimbia kidogo, akamwambia kwa sauti ya huruma tupu, "Usilie, mjukuu wangu. Mama yako yuko kwa Bwana."

Mtoto akajinasua jicho moja. Akanitafuta uani, akaniona.

"Hapana, bibi," akasema. "Yuko pale kwenye mihogo."

Wanawake wote wakageukia mihogo. Kisha nikamwona mwanangu anaanza kutikisika mabega, mdomo umebanwa, mikono inapanda kuufunika. Nikajua anasubiri ruhusa. Nikamnyooshea muhogo, nikafumba macho, nikajilaza kwenye kigoda na ulimi nje kama maiti.

Alipasuka. Alicheka akaanguka mkekani, akacheka kwa sauti ile ya zamani inayofanana na kuku anayekimbizwa, na dada yake akamwangukia juu, wakapiga kelele mpaka mbuzi wa bibi wakasimama kututazama. Mimi nililia na kucheka kwa pamoja na sikumbuki kipi kilitangulia.

Bibi alinijia taratibu. Akanishika shavu, akalifinya. Akanishika kipara. "Wewe ndiye mgonjwa?"

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba," akasema, kwa sababu salamu haikataliwi hata na mtu aliyefufuka. Kisha akanipiga kofi la mgongo, akakaa chini, akacheka hadi kitenge kikamlegea. Wimbo waliokuwa wameuandaa kwa ajili ya marehemu ukawekwa kando, wakaimba mwingine wenye makofi. Simu ikapigwa kwa shangazi, nasi sote tukamsikia anasema niliwaambia, niliwaambia, niliwaambia.

Furaha ile ilikuwa na gharama yake. Bibi alinipokonya kisu pale pale, toroli likasukumwa hadi kivulini, nikalazwa kwenye godoro na blanketi zito juu, katika joto la Ukerewe. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini methali haisemi afanyweje mgeni ambaye ndiye mgonjwa. Gesti tuliyoipanga hatukuiona hata bati lake.

Kesho yake walinisukuma hadi ufukweni kwa toroli lile lile. Dagaa walikuwa wameanikwa mpaka macho yanapoishia. Nilijifunika pua kwa khanga, nikalala nasikiliza maji yanavyopiga kwenye mawe. Nilikuwa naogopa. Dripu ya tano ilikuwa inaningoja Mwanza, na sikujua kama pale gatini walinililia kwa kukosea tu au walifanya mazoezi. Niliwaza hivyo kwa muda, nikiwa nimefumba macho.

"Mama!" Ilikuwa sauti ya mdogo, kutoka majini. "Mama, huyu ananimwagia maji!"

"Muongo! Ameanza yeye!"

"Mama! Mwambie!"

Mume wangu akaruka kutoka kwenye mchanga. "Shhh! Mwacheni mama ye—"

"Wewe nyamaza," nikamwambia. Kisha nikapaza sauti, ikatoka yote, ile ya Pasiansi. "Nikija hapo, nyote wawili mtanitambua!"

Halafu mkubwa, mikono kiunoni, kipara chake kikimetameta, akanijibu kwa jeuri ambayo nilikuwa sijaisikia tangu dripu ya kwanza:

"Njoo basi!"

Nikatupa blanketi. Nikashuka kwenye toroli, nikavua kandambili moja, nikaenda.