Mwanaume Hakamui Ng'ombe

Simu ilinipata nikikamua ng'ombe wa mamangu, kwetu kijijini Njoro. Nilikuwa na cheti kimoja tu, cha kusaidia wagonjwa warudishe mikono kazini. Sudan Kusini kulikuwa na vita na hospitali ilitaka mtu kama mimi.

"Na huko utakula nini?" mama akauliza.

Nikacheka, nikapanga begi. Nilikuwa nimeota kupanda ndege tangu nikiwa mdogo.

Hospitali yenyewe ilikuwa mahema. Mgonjwa wangu wa kwanza, Mzee Deng, alikuwa amepigwa risasi ya kiganja na vidole vimeanza kukakamaa. Daktari alituambia wazi: visipokunjika ndani ya wiki mbili, basi. Afadhali mzee alikijua Kiswahili, maana aliwahi kukaa Nakuru, mtaa wa Section 58, watoto wake wakisoma huko.

Nikajaza glavu maji, nikaitundika kitandani kama kiwele. Nilijiona nimevumbua kitu.

"Kamua, mzee."

Hema lote likaangua kicheko. Achol, muuguzi wetu, alicheka mpaka akakaa chini. Mzee akanipa mgongo.

Siku ya nne akasema, "Wewe msichana, kwetu mwanaume akishachanjwa alama za utu uzima kwenye paji la uso hakamui. Hiyo ni ya wanawake na watoto. Umeniita mtoto mbele ya watu."

"Pole, mzee. Sasa mwanaume anamfanyia ng'ombe nini?"

"Anamsukia dume wake kamba."

Achol akaleta gunia kuukuu, tukalifumua nyuzi. Mzee akaanza kusuka, akiuma meno.

Siku ya kumi, mchana, bunduki zililia ng'ambo ya mto.

Tukalala chini.

Zikakaribia.

Kando yangu nikasikia kitu kikikwaruza. Mzee, kifudifudi, alikuwa anasuka.

"Mzee, wacha."

"Wiki zako mbili zimebaki siku ngapi?"

"Nne."

"Basi niache."

Risasi ziliponyamaza, Achol alikuwa mlangoni, amekufa. Alikuwa ametoka kumvuta mgonjwa mmoja ndani. Mgonjwa alipona.

Miaka imepita na bado sina mzani wa kuweka Achol upande mmoja na mkono wa mzee upande mwingine. Tulimzika kesho yake. Mzee Deng aliinama, akachota udongo kwa mkono ule mbovu, akaubeba mpaka kaburini bila kumwaga hata punje. Nilikuwa namlilia Achol, na bado nikajipata nikihesabu vidole. Vyote vitano vilikuwa vimekunjika.