Karatasi ya Daktari Ukutani

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja pale Kapata, Zaïre ikiwa bado Zaïre, nilipotoka kupimwa na daktari wa kazini huku nikicheka peke yangu. Nilikuwa mnene, tena si kidogo. Fundi cherehani alikwisha kunipanulia abakosti, suti yetu ya enzi zile, mara mbili. Lakini daktari aliandika kwamba sukari yangu ni nzuri, presha nzuri, moyo mzuri. Basi mimi nikafanya nini? Nikaitia karatasi ile kwenye fremu, nikaitundika sebuleni karibu na picha ya harusi. Kila aliyenitania juu ya tumbo nilimwonyesha ukuta. "Soma, citoyen!" Ndivyo tulivyoitana enzi zile, "mwananchi".

Wenzangu walirudi kupimwa kila mwaka. Mimi nilikwepa. Nipimwe nini tena? Nilikula bukari yangu, ndiyo ugali, na samaki aliyeogelea kwenye mawese, nikamshukuru Mungu.

Mwaka wa sita, tata Kabeya, yaani baba Kabeya, muuguzi mzee mwenye asili ya Kasai, alikuja kumchoma mke wangu sindano ya malaria. Akanisikia nikihema, nami nimetoka mlangoni hadi kitini tu. Nikamwonyesha ukuta. Akavaa miwani, akasoma tarehe, kisha akaitoa fremu kwenye msumari.

"Hii karatasi haiko ya bongo, haidanganye," akasema. "Ile siku ulikuwa muzima kweli. Lakini iko inasema juu ya ile siku tu. Mutu munene, hata kama damu yake iko muzuri leo, anapashwa kurudia kupimwa. Mara mingi inageuka pole pole, na mwenyewe hasikie kitu. Kesho utakuja, tata?"

Nilikasirika, wee! Mtu aje kugusa ukuta wangu, nyumbani kwangu? Mke wangu akasema kutoka kitandani, "Tata, batoto bangali badogo."

Kesho yake nikaenda. Sukari ilikuwa imepanda, presha imepanda, nami sikuwa nimeumwa hata kichwa.

Nikaanza kwenda kazini kwa miguu. Bukari nikaipunguza, vidonge nikameza, kwa kunung'unika. Tata Kabeya ametangulia, Mungu amrehemu. Wale watoto wadogo wameniletea wajukuu, na kila ninayempakata namshukuru mzee yule.

Mwanangu, ukiwa mnene na daktari akasema uko mzima, furahi, amekwambia kweli. Kisha rudi mwakani, na mwaka unaofuata, hata ukijisikia vizuri. Mungu akupe afya ya kudumu, na akupe mtu asiyeogopa kukutolea karatasi ukutani.